Mizigo ya Neno "Uzito"

Lugha ni mchukuzi. Kila neno hujitwika mzigo wake wa maana, na yapo maneno ambayo, kwa nguvu zao na kwa umri wao, yametwikwa mizigo mingi kuliko wenzao. Katika makala haya tumekusudia kulitazama neno moja la namna hiyo, nalo ni "uzito", pamoja na kivumishi chake "-zito". Hatufanyi hivyo kwa kupenda kuchambua maneno tu. Mahali tunapofanyia kazi yetu, yaani mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, tumeona mara nyingi kwamba asiyelielewa vema neno hili hupunjika sokoni, hubishana bure na jirani yake, na wakati mwingine huhatarisha hata maisha yake.

Msomaji asiyepajua Nakivale na aelewe kwamba makazi haya ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa barani Afrika. Yalifunguliwa mwaka 1958, na muda si muda yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo yako katika Wilaya ya Isingiro, ambayo mwaka 2005 ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbarara, na humo wamekusanyika Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 100,000. Wote hao hawana lugha moja ya nyumbani, lakini wana lugha moja ya sokoni, nayo aghalabu ni Kiswahili: Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha Nairobi, kila kimoja na lafudhi yake. Mwalimu wa lugha akifika hapo hana haja ya kutafuta mifano vitabuni. Mifano inamjia yenyewe ikiwa imebebwa kichwani.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema "mzigo mzito" twakusudia mzigo unaomlemea mchukuzi. Tukisema "uji mzito" hatukusudii kwamba uji huo umemlemea mtu, bali kwamba hautiririki upesi. "Jambo zito" ni jambo la kufikiriwa sana. "Sauti nzito" ni sauti ya chini. "Mzito wa kusikia" ni mtu asiyesikia vema, na "mja mzito" ni mama aliye na mimba. Kuna "usingizi mzito" na "giza zito". Kwa upande wa pili, "-epesi" nalo limejitwika yake: mzigo mwepesi, mtihani mwepesi, mtoto mwepesi wa kuelewa, chai nyepesi. Huu ndio utajiri wa lugha, wala hatuulalamikii. Mshairi huuhitaji, na msemaji wa barazani huuhitaji. Lakini mwanafunzi wa sayansi, na mnunuzi wa mafuta ya kupikia, wahitaji kujua ni maana ipi hasa inayosemwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba fikira hii ya kulemewa ni ya Kibantu tangu zamani. Mnyarwanda na Mrundi husema "uburemere" kwa maana ya uzito, Mnyankole wa Mbarara husema "kuremeera" kwa maana ya kuwa kizito, na Mswahili husema "kulemea". Masikio yoyote yaliyozoea jinsi sauti za r na l zinavyopokezana katika lugha zetu yatatambua kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mganda naye husema "obuzito", na Mkongo wa mashariki husema "buzito". Kwa hiyo, tunapolifundisha neno hili Nakivale hatuleti mgeni. Twamtambulisha jamaa kwa jamaa zake.

Katika darasa letu moja la watu wazima, mama mmoja aliyetoka Kivu alituuliza swali ambalo tangu siku hiyo tumelifanya somo. Alisema: "Mwalimu, mafuta iko nzito kupita maji. Ukimwanga, inatembea pole pole. Sasa juu ya nini inabakia juu?" Wenzake wakacheka, lakini hapana hata mmoja aliyeweza kumjibu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Lugha yenyewe ndiyo iliyomwambia kwamba mafuta ni mazito, na macho yake yakamwambia kwamba yanaelea. Mojawapo kati ya lugha na macho lilikuwa limesema jambo nusu.

Jibu ni kwamba neno "zito" hapo limeficha mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni ugumu wa kutiririka, ambao wataalamu wetu huuita mnato, kutokana na kitendo cha kunata. La pili ni wingi wa kitu uliosongamana katika nafasi fulani, ambao vitabu vya shule huuita densiti au msongamano. Mafuta yana mnato mkubwa kuliko maji, lakini msongamano wake ni mdogo. Lita moja ya maji ina kilo moja, na lita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban gramu 920 tu. Ndiyo maana hubaki juu. Asali ina mnato na ina msongamano pia, kwa maana lita yake moja hukaribia kilo moja na gramu 400, basi huzama chini ya maji. Zebaki hutiririka upesi kama maji, na hata hivyo lita yake moja ina kilo 13 na nusu hivi. Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili hahitaji maabara. Atie asali katika bilauri ya kioo, kisha maji polepole, kisha mafuta, na wanafunzi wajionee jinsi vitu hivi vitatu vinavyopangana, kila kimoja mahali pake.

Huenda msomaji akauliza: yote haya yamfaa nini mkimbizi? Yamfaa sana, maana maisha yake yamepimwa kwa kilo. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lililazimika kupunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na mwezi wa Februari 2021 mgao huo ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Pale ambapo kilo zimekuwa chache, kila gramu ina sauti. Sasa tazama: mtu akidai kilo moja ya mafuta, akajaziwa chupa ya lita moja, amepungukiwa gramu 80. Hapana aliyemwibia kwa makusudi, labda. Mpimaji na mpimiwa wote wawili waliamini kwamba lita na kilo ni mamoja, kwa kuwa kwa maji ni hivyo. Hata hivyo, mtu huyo akifanya hivyo mara moja kila mwezi, kwa mwaka mzima atakuwa amepoteza gramu 960, yaani zaidi ya lita nzima ya mafuta. Kwa nyumba yenye watoto sita hilo si jambo jepesi, kwa maana yoyote ile ya neno "jepesi".

Hali kadhalika kwa nafaka. Sokoni watu wengi hupimiana kwa kopo, na kopo hupima nafasi, halipimi wingi wa chakula kilichomo. Kopo la lita moja likijazwa mahindi makavu litachukua gramu 700 na kitu. Likijazwa maharage litachukua karibu gramu 750 au 800. Likijazwa unga litachukua gramu 500 au 600, kutegemea kama unga huo umemiminwa tu au umeshindiliwa. Kwa hiyo anayebadilishana kopo la mahindi kwa kopo la unga na kudhani kwamba wamelingana, hawakulingana. Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani. Walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na walikuwa waangalifu kutofautisha kibaba cha tele, kilichorundikwa juu, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kikawa sawa na ukingo wake. Bidhaa kubwa kama karafuu na pembe za ndovu hawakuzipima kwa kibaba hata kidogo. Walizipima kwa frasila, karibu kilo 16, kwa sababu mfanyabiashara mwenye busara hauzi pembe kwa kuijaza katika chombo. Twasema haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli, lakini yafaa pia kuuliza: kibaba cha nini, na kimejazwa vipi?

Tutoke Nakivale sasa, twende Mbarara, tukaone jinsi neno lilelile linavyowachanganya hata wenyeji wasiokuwa na dhiki. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na Mbarara ni mji wa maziwa. Kila asubuhi baiskeli na pikipiki huingia zikiwa zimefungwa madebe ya maziwa, na katika vituo vya kukusanyia maziwa mpokeaji hutumbukiza ndani yake chombo chembamba cha kioo kiitwacho laktomita. Chombo hiki hakionji wala hakinusi. Kazi yake ni kuelea tu. Katika maziwa halisi, ambayo lita yake moja ina kati ya gramu 1,027 na 1,033 yakiwa na joto la nyuzi 20, laktomita huelea juu na kusoma kati ya 27 na 33. Ukitia maji, msongamano hupungua, na laktomita huzama zaidi. Maziwa yaliyosoma 30 yakitiwa maji hata maji yakawa sehemu moja katika kumi, yatasoma 27.

Hapa lugha hututega tena. Mnunuzi wa kawaida husema, "Nataka maziwa mazito," akikusudia maziwa yenye malai mengi. Lakini malai ni mafuta, na mafuta ya maziwa yana msongamano mdogo kuliko maji. Ndiyo maana hupanda juu maziwa yanapotulia, na ndiyo maana mama wa Kinyankole huweza kuyasuka maziwa katika kibuyu akapata siagi inayoelea. Basi maziwa "mazito" kwa mdomo ni mepesi zaidi kwa laktomita, na maziwa yaliyoenguliwa malai, ambayo mnywaji huyaita mepesi, laktomita huyaona mazito. Mjanja aliyelijua jambo hili huengua malai kwanza, ambapo kipimo hupanda, kisha hutia maji, nacho hurudi mahali pake pa halali. Laktomita itasema kweli kuhusu msongamano, lakini mnunuzi atakuwa amedanganywa kuhusu maziwa. Ndiyo sababu wapokeaji makini hawategemei kipimo kimoja peke yake. Sisi walimu tupate funzo humo: kipimo hujibu swali kililoulizwa tu, na swali huulizwa kwa maneno.

Mpaka hapa tumeutenga msongamano na mnato. Lakini lipo fumbo la tatu, gumu zaidi, kwa sababu hata waliosoma hulipita bila kuliona. Nalo ni tofauti baina ya uzito wa kitu na wingi wa kitu chenyewe, ambao vitabu vyetu huuita masi au tungamo. Neno "tungamo" twalipenda, maana latokana na kutungama, kama damu au maziwa yanavyotungama. Ni kile kilichokusanyika pamoja kikawa kitu. Tungamo la mkungu wa ndizi halibadiliki ukiusafirisha kutoka Isingiro hadi Kampala, isipokuwa kwa maji yanayokauka na vidole vinavyonyofolewa njiani. Uzito wake, yaani nguvu ambayo dunia huuvuta kwayo, hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali.

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kampala huivuka ikweta mahali paitwapo Kayabwe, na pale barabarani huoneshwa mabeseni ya maji na kusimuliwa maajabu mengi. Ajabu la kweli ni dogo na halihitaji beseni. Dunia imevimba kidogo katikati, tena huzunguka, na kwa sababu hizo mbili mvuto kwenye ikweta ni pungufu kuliko kwenye ncha za dunia kwa karibu nusu ya asilimia moja. Mbarara nayo, licha ya kuwa karibu na ikweta, imeinuka zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na kuinuka huko huupunguza mvuto kidogo tena. Basi gunia la kilo 50 likitundikwa Mbarara kwenye mizani ya kamani iliyosawazishwa London, mshale utaonyesha pungufu ya kati ya gramu 150 na 200. Hapana punje iliyoanguka. Tungamo ni lilelile, lakini uzito umepungua.

Kinyume chake, mizani ya mikono miwili, ile yenye sahani mbili na mawe, haitaona tofauti yoyote, kwa sababu mvuto uliopunguka kwa gunia umepunguka vilevile kwa mawe. Mizani ya kamani hupima uzito, na mizani ya sahani hulinganisha tungamo. Mafundi wa vipimo hulijua jambo hili, ndiyo maana mizani ya kamani husawazishwa mahali itakapotumiwa. Na neno "kilo", ambalo sokoni twalitumia kwa uzito, kwa hakika ni kipimo cha tungamo. Uzito halisi hupimwa kwa nyutoni, na hapa kwetu kilo moja huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 9.8 hivi.

Tungamo lina tabia nyingine, nayo ni ukaidi. Mwendesha baiskeli anayeshuka kilima akiwa amefunga mikungu minne ya ndizi nyuma yake haelemewi na uzito tu. Anapotaka kusimama, mikungu haitaki kusimama, na anapotaka kuanza, haitaki kuanza. Kadiri tungamo linavyozidi, ndivyo breki zinavyohitaji nguvu na nafasi zaidi. Ukaidi huo pia ndio unaoeleza kwa nini jiwe kubwa na jiwe dogo yakiangushwa pamoja hufika chini pamoja: kubwa huvutwa zaidi, lakini pia lina ukaidi zaidi, na mambo hayo mawili hulingana. Jani huchelewa kwa sababu ya hewa, si kwa sababu ya wepesi wake peke yake. Mwezi wa Agosti 1971 mwanaanga David Scott, akiwa juu ya mwezi pasipo hewa, aliangusha nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, na vyote viwili vikatua pamoja. Kwa hiyo tunaposikia ikisemwa darasani kwamba "kizito huanguka upesi," yatupasa kuuliza: kizito kwa maana ipi, na mbele ya hewa au pasipo hewa?

Tumeliacha ziwa hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa huko ndiko neno hili linakogusa uhai. Ziwa Nakivale ni la mto Rwizi, pamoja na ndugu yake Mburo. Kingo zake zina mafunjo, ambayo mashina yake yamejaa uwazi wa hewa, nayo huelea. Wavuvi hufunga juu ya nyavu vitu vyepesi ili zisizame, na chini hufunga vitu vizito ili zisielee. Pwani tunayo maneno mazuri kwa vyote viwili: chelezo ni kile kinachoelea, na chubwi ni kile kinachozamisha. Gogo la tani mbili huelea na msumari wa gramu tano huzama, kwa sababu ziwa halijali ukubwa wala udogo wa uzito peke yake. Ziwa hulinganisha msongamano wa kitu na msongamano wa maji. Kiboko wa Mburo hutembea chini ya maji kwa miguu yake kwa kuwa msongamano wake umezidi ule wa maji kidogo tu. Pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo humshangaza mgeni kwa ukubwa wake, zinabebeka kwa sababu mfupa ulio ndani yake una matundu matundu. Archimedes wa Sirakusa aliiweka kanuni ya jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasogeza.

Kanuni hiyo si ya vitabuni. Chukua mtumbwi ambao mahali maji yanapoukata una eneo la mita 5 za mraba. Kila abiria wa kilo 60 anayeingia lazima asogeze lita 60 za maji, na mtumbwi hudidimia kwa milimita 12. Abiria kumi, sentimita 12. Hapana abiria hata mmoja anayeonekana kuuzamisha mtumbwi, kwa hiyo kila mmoja hujiona mwepesi. Kisha watu husimama, mzigo hurundikwa juu ya mzigo, na wimbi dogo, ambalo jana lisingefika ukingoni, leo huingia ndani. Mabaharia wetu walitia farumi chini kabisa ya jahazi kwa kuwa walijua kwamba uzito ukikaa chini hukituliza chombo, na ukikaa juu hukipindua. Tarehe 22 Machi 2014, katika Ziwa Albert, mashua iliyojazwa kupita kiasi, iliyowachukua wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka makazi ya Kyangwali, ilipinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa, wakiwamo watoto wengi. Walikuwa wamevumilia yote, na sasa walikuwa njiani kwenda nyumbani. Tunapowafundisha watu wa Nakivale maana ya kuelea, hatusahau jambo hilo, na wao hawahitaji kukumbushwa.

Basi tufanyeje sisi walimu wa lugha? Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya mwalimu wa fizikia. Sisi twaona kwamba mwalimu wa fizikia hawezi kuifanya peke yake, kwa kuwa kosa limekaa katika neno kabla halijafika katika hesabu. Waliotunga istilahi wametuwekea zana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na tangu hapo vitabu vya shule vimeendelea kuongeza. Ni kweli kwamba istilahi hazijatulia, na mwanafunzi anaweza kukutana na masi katika kitabu kimoja na tungamo katika kingine, densiti hapa na msongamano pale. Hilo lisitutishe. Mwalimu na achague moja, amweleze mwanafunzi kwamba kuna la pili, kisha asiyumbe.

Sisi wenyewe tumezoea kufundisha hivi: tungamo ni wingi wa kitu kilichokusanyika, uzito ni nguvu inayokivuta, msongamano ni kiasi cha tungamo kilichoenea katika ujazo fulani, na mnato ni ugumu wa kutiririka. Neno "msongamano" hatuna shida nalo Nakivale. Twawaambia wanafunzi wafikirie nyumba mbili zilizo sawa, moja ina watu watatu, nyingine ina watu kumi na wawili, na hapana anayehitaji maelezo zaidi. Wala hatumkatazi mtu kusema "uji mzito" nyumbani kwake. Lugha ya jikoni ina haki yake. Tunachotaka ni kwamba mtu ajue anapotoka jikoni na kuingia mbele ya mizani.

Tena sisi watu wa Kiswahili tusidai kwamba mambo ya vipimo ni ya kigeni kwetu. Neno "mizani" tulilipokea kutoka Kiarabu, lugha ambayo mwaka 1121 mtaalamu al-Khazini aliandika ndani yake kitabu kizima kiitwacho Mizani ya Hekima, akieleza jinsi ya kupima vitu hewani na majini ili kutambua dhahabu halisi na ile iliyochanganywa. Nasi tulipolipokea neno hilo hatukuliacha dukani. Tulilipeleka katika ushairi, tukahesabu mizani za kila mshororo, na mtunzi akipunguza mizani moja twamwambia kwamba shairi lake limepungua. Watu walio makini kiasi hicho kwa silabi hawawezi kushindwa kuwa makini kwa gramu.

Yapo mambo ambayo hatuwezi kuyabadilisha. Mwalimu wa lugha haongezi mgao, wala hajengi mashua. Lakini anaweza kumpa mtu neno la kuulizia: "Ni kilo au ni lita?" "Mmepima kwa mfuto au kwa tele?" "Chombo hiki kinaruhusiwa abiria wangapi?" Mtu mwenye swali sahihi huwa si rahisi kupunjwa, na mara nyingine huwa si rahisi kuzama. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walijua vema kwamba kanda la usufi na kanda la mawe huweza kuwa na ukubwa mmoja machoni pa mtazamaji, na kwamba anayejua tofauti ni yule aliyelibeba. Kazi yetu, wenzetu walimu, ni kuwafikisha wanafunzi mahali ambapo hawatahukumu mzigo kwa ukubwa wake, uwe ni gunia, uwe ni neno, uwe ni mzigo wa jirani aliyefika jana kutoka ng'ambo ya mpaka, mpaka kwanza wameuliza umejaa nini.